Kura ya Tatu Imenishusha Shimoni

Makambako,
14 Agosti 1958

Kwa Bwana Mhariri,

Salaam nyingi. Mimi ni mpasua mbao. Nilianza na shoka la kuazima. Leo nina shimo langu na msumeno wangu wa watu wawili. Naomba nafasi niwaonye raia wenzangu: siasa tuwaachie wanaoiweza. Sababu ni hizi.

1. Gogo hulazwa juu ya shimo. Mmoja husimama juu yake akifuata mstari wa mkaa, mwenzake huwa chini anavuta. Miaka kumi na mmoja mimi nilikuwa juu, Tarsis chini. Vumbi la mbao lilimwingia machoni, kweli, lakini hakulalamika, nami nikajua anapenda.

2. Mwezi uliopita alipanda lori kwenda mkutanoni Njombe. Mkutano mmoja tu, Bwana Mhariri! Akarudi anauliza nani alinichagua kukaa juu. Nikamjibu msumeno ni wangu. Akasema, "Haya kaka Kasimiri, vuta peke yako." Nilivuta. Asubuhi nzima nilipata inchi nne, nazo zimekwenda upande.

3. Nikakubali tupige kura, maana hesabu naijua: moja yangu, moja yake, hakuna mshindi, kila mtu abaki alipo. Kumbe Tarsis amemwita Fidelia, anayetupikia uji, eti naye ni mtu wa shimo hili. Fidelia hata hakufikiri. "Tangu lini umeniambia asante?" Mbili kwa moja.

4. Hii ni wiki ya tatu niko chini. Huku mstari huuoni, mbingu huzioni, unaona nyayo za Tarsis. Nikipiga kelele kwamba anapinda, ananirudishia maneno yangu mwenyewe: "Wewe vuta, ya juu tuachie sisi!" Sikujua kwamba ni maneno mabaya hivyo.

5. Mkutano mmoja umegeuza shimo moja. Makambako tuna mashimo tisa. Yakiisha mashimo zitafuata ofisi, na siku moja Bwana DC mwenyewe ataulizwa nani alimchagua. Atajibu nini? Mimi angalau nilikuwa na msumeno.

Kwa hiyo nakuomba uandike kwa herufi kubwa kwamba raia mwema hukaa kwake, hana habari na mikutano wala kura.

Wasalimie wapiga chapa wako, na wasomaji wote kutoka Njombe hadi Mlangali na Ludewa: kamwene. Ningeongeza, ila macho yananiwasha.

Ni mimi, niliye chini,
Kasimiri, mpasua mbao

N.B. Tafadhali barua hii isitoke kabla ya Jumamosi. Tunarudia uchaguzi. Fidelia nimemshukuru mara sita na kumchotea maji siku nne. Tena nimedai mke wangu Emilia na mke wa Tarsis nao wapige kura, kwa sababu ndio wanaofua nguo za vumbi. Haki ni haki. Hesabu yangu ni tatu kwa mbili. Na mkutano mwingine wa Njombe ni lini? Niwekewe nafasi mbele, nina maswali.