Muuza Majina ya Waandishi

Sostenes hakuwahi kuandika hata barua ya mapenzi, lakini stendi ya Kahama walimwita Profesa. Kazi yake ilikuwa kuwauzia watunzi majina ya kuandikia. Asubuhi ile alimwona Agnetha, mfagizi wa zahanati, ameshika daftari la mashairi na kuku wawili, akajua riziki imeshuka kwenye basi.

Agnetha alimweleza shida yake. Mashairi yanataja dawa zinazotokea mlango wa nyuma wa zahanati. Mganga mfawidhi akimjua mtunzi, kazi hana, na ana watoto watatu. Sisi tuliozika wake zetu kwa kuambiwa dripu zimeisha, tunawajua wakubwa hao. Dripu haziishi, zinahama.

"Chukua Mchenjua," Sostenes alisema. "Wachimbaji wanachenjua mchanga, inabaki dhahabu. Wewe unachenjua maneno ya wakubwa."

"Inabaki nini?"

"Mara nyingi hakibaki kitu, dada. Ndiyo utamu wake."

Agnetha akacheka, akatoa kuku. Ila aliomba aandikiwe maana hiyo kwa mkono wa Profesa mwenyewe, na jina Mchenjua chini, asije akaisahau. Sostenes akaandika kwa mbwembwe kama anayesaini mkataba wa mgodi.

Karatasi ile ndiyo Agnetha aliyoitanguliza redioni, mashairi yakafuata. Mji ukacheka wiki tatu. Dawa zikaanza kurudi kwenye rafu, zimechoka na safari. Ndipo likatoka tangazo: Mchenjua ajitokeze ofisi ya kata, apewe ndama wa zawadi.

Kupenda ng'ombe ni ugonjwa wa Usukumani, na Sostenes hakuchanjwa. Alivaa koti, akaenda, akaeleza maana yote ya jina bila kukwama. Wakalinganisha mwandiko wake na ile karatasi ya redioni, ukawa mmoja. Ndama hakuwepo. Polisi walikuwepo wawili.

Akiwa mahabusu, Sostenes alisema ukweli kwa mara ya kwanza tangu abatizwe: yeye si mtunzi, hata vina havijui. Wakasema hawajapata kuona mwongo kama huyu.

Kesho yake Agnetha akamletea ugali na dagaa.

"Dada, kawaambie ni wewe."

"Wanangu wale nini? Tulia, watakuachia. Wakikushtaki itabidi mashairi yasomwe mahakamani, na hilo hawalitaki." Akasogea karibu. "Ila jina lile limeshaungua, kaka. Una lingine?"

Sostenes alitafuna kwa hasira, muda mrefu. Kisha biashara ikaishinda hasira.

"Inategemea," akasema. "Unataka lenye maana gani?"