Sufuria ya Mama Mkwe

Jumatatu, tarehe 6
Boti imelala uani, tumbo juu, kama kobe aliyekata tamaa. Mikwaruzo, mabonde, na tundu moja la kupitisha ngumi. Jiwe la mtoni halina adabu! Boti yetu haina pangaboi. Injini inafyonza maji kwa chini na kuyatema nyuma. Chini kukiwa na vinundu inafyonza hewa, inabaki kukohoa tu. Mkaguzi anakuja Ijumaa. Akiipitisha, itabeba wauguzi wa zahanati, na mume wangu ataacha kazi ya machimbo arudi nyumbani kuiendesha. Isipopita, anabaki huko mwaka mzima. Kidoti wangu ana miezi tisa. Juzi alimwita muuza mkaa baba.
Naitengeneza mwenyewe. Ni alumini tu jamani, si ndege.

Jumanne, tarehe 7
Nimekwenda kwa fundi wa kuchomelea, yule tunayemwita Miwani ingawa hajawahi kuvaa. Kasema mashine yake ni ya mageti, boti ataiyeyusha kama siagi. Mabonde yagongwe kwa ndani na nyundo ya mpira, huku nje pameegemezwa mfuko wa mchanga. Tundu lipigwe kiraka kwa ribiti na gundi ya boti, vichwa vya ribiti vilale kabisa. Kisha msasa. Kaniuliza, shemeji, alumini nene ya kiraka unayo? Nikasema ninayo.
Sina!
Nimegonga mpaka malengelenge. Kidoti mkekani analala kila nikigonga, anaamka kila nikipumzika. Basi sikupumzika.

Jumatano, tarehe 8
Nimepata! Sufuria kubwa ya mama mkwe, ile ya shughuli. Kitako kinene ajabu. Anaitumia mara mbili kwa mwaka, na anazo nyingine nne. Miwani kaniuliza kama mwenyewe anajua. Nikasema ndiye kanituma. (Mungu anisamehe, ni kwa ajili ya mtoto.) Kakata kitako chapuchapu. Iliyobaki nimeirudisha rafuni stoo, na mfuniko juu. Ukiitazama, sufuria kamili. Akili hizi nilizitoa wapi, mimi niliyeishia shule ya msingi!

Alhamisi, tarehe 9
Kiraka kimekaa. Ribiti kapiga Miwani, msasa nimepiga mimi, mkavu kisha wa maji. Nimepitisha shavu: laini kama la Kidoti. Katikati ya kiraka kuna vidoti vimepangwa mistari mitatu, kama unyayo wa kuku. Havifutiki. Urembo wa kiwandani, bila shaka.
Mama mkwe kapita. Kasema boti ikipita, mwanawe akija kesho kutwa atampikia kwa sufuria kubwa. Nikamwambia, mama, ya nini kujichosha, ndogo zinatosha. Kanitazama weee, mpaka nikaanza kuhesabu vidole vya mtoto.

Ijumaa, tarehe 10
Mkaguzi kapapasa. Kagonga. Kamwaga maji ndoo nzima, kachungulia kwa ndani. Hata tone! Kisha kauliza hii mistari mitatu ni nembo ya kampuni gani.
Mama mkwe, Kidoti mkononi, akainama. Akapiga ukelele kwamba hiyo ni alama yake, kaigonga mwenyewe kwa msumari ili vyombo vyake visipotee kwenye shughuli za watu! Akanitupia mtoto, akakimbilia stoo. Karudi ananichungulia kupitia sufuria. Kaniuliza, mkwe wangu, humu nipike nini, upepo?
Mkaguzi alicheka mpaka kalamu ikadondoka. Akaiokota. Akatia saini. Imepita!

Jumapili, tarehe 12
Mume wangu yupo nyumbani! Kidoti alimtazama, akalia, kisha akamshika pua. Hajaiachia mpaka sasa.
Leo ilikuwa safari ya kwanza. Mama mkwe alikaa mbele kabisa, anamwamuru mwanawe aende polepole, asimkwaruzie sufuria. Mume wangu akageuka kutupungia mkono mimi na Kidoti tuliobaki ukingoni. Puu! Jiwe lilelile. Kiraka kizima, lakini pembeni yake kuna tundu jipya, pana kuliko la kwanza.
Nimelia kidogo. Kisha nimeapa: vyombo vya mama mkwe sivigusi tena. Nimekoma, nimejifunza.
Mama yangu mzazi ana sinia la alumini, pana, nene. Halina alama hata moja. Nimeliosha miaka kumi, nalijua. Kesho nampelekea mjukuu amsalimie.
Nitabeba na kapu kubwa.