Kinanda Juu ya Machela

Jumatatu, 7 Julai

Shule niliacha darasa la tatu. Mwalimu alishindwa kunifundisha. Lakini haya naandika mwenyewe, kwa mkono wangu.

Jumamosi tunafunga msiba wa Damascène, kule Nyamitanga, mjini Mbarara, kwa binti yake. Mwaka umetimia. Damascène! Sauti ya Orkestra Kivuko ya Buyenzi! Jumapili alasiri Bujumbura nzima ilipiga viatu rangi kwa ajili yetu. Yeye mikro, Bonaventure besi, mimi kinanda. Wengine wote wamekwenda. Nimebaki mimi. Na Bonaventure, lakini huyo simhesabu.

Mjane wake, mama Léoncie, ametuma salamu. Mwaka mzima nyumba ile haijasikia hata redio. Wazee wakishatamka neno la mwisho, ndipo muziki unafunguliwa. Wa nani? Wangu! Na nitapiga ule wimbo Damascène aliomtungia Léoncie walipochumbiana. Kanda yake ilipotea tulipokimbia vita kuja hapa kambini Nakivale. Sasa umebaki kwenye vidole vyangu tu.

Jumanne, 8 Julai

Bonaventure amejipeleka kwa Léoncie! Ana maspika na kompyuta, anakodisha kwa watu pale Rwekubo. Kamwambia mjane kinanda changu ni mzoga. Kamwambia tena kwamba umeme Nyamitanga ukikatika, mimi Appolinaire nitapigia meno.

Hatusemeshani tangu alipomshawishi mchoraji aweke jina lake juu ya langu kwenye bango. Besi juu ya kinanda! Dunia imeona mengi.

Basi nimebuni mtambo. Kinanda, ampli, mikseri, betri ya gari, inveta, spika, vyote vimefungwa pamoja moja kwa moja. Unafika, unabonyeza, unapiga. Shida ni kubeba. Kitoroli kitazama mchangani. Pikipiki itatikisa nyaya. Halafu nikakumbuka ingobyi, machela yetu ya nyumbani! Wanaume wanne, mabegani, hakuna kutikisika. Nyanya yangu alipelekwa kuolewa juu yake kama malkia.

Mke wangu Pulchérie akasema yeye hizo machela aliziona zikipeleka watu fasi nyingine, si harusini. Nikamwambia asiingilie mambo ya ufundi.

Alhamisi, 10 Julai

Fundi Rénovat amemaliza. Miti ya mikaratusi, kamba za katani. Spika ya mviringo nimeifunga upande wa kichwa, kinanda katikati, betri na ampli huku miguuni. Mtu wa kawaida asingefikia hapo.

Kwizera na wenzake wafyatua matofali wakaibeba kwa majaribio. Mimi natembea pembeni, mkono kwenye vitufe. Rumba ikatoka! Nikafumba macho. Vumbi la Nakivale likanuka kama Buyenzi mvua ya kwanza ikigusa barabara. Nikamsikia Damascène anakohoa kidogo kabla ya kuanza, desturi yake. Nikafumbua macho. Alikuwa mbuzi.

Lakini vumbi ni adui kweli. Vitufe vimeanza kukwama. Dawa nimeipata: shuka jeupe, lile la harusi ya binti yetu Inès. Limefunika mtambo wote, kichwa mpaka miguu, nikalichomeka vizuri pembeni.

Pulchérie alikuja, akazunguka, akaziba mdomo. Baba Inès, akasema, hiki kitu kinafanana na... Nikamkatiza. Najua kinafanana na nini. Kinafanana na kazi ya mtu mwenye akili.

Jumamosi, 12 Julai

Naandika karibu na daraja la mto Rwizi. Wabebaji wanakula chapati. Katika maisha yangu yote sijapokelewa hivi!

Tulipanda lori la mahindi. Kwenye kizuizi polisi alichungulia nyuma, akavua kofia. "Pole sana, mzee. Pita, pita tu." Hata kitambulisho hakuuliza! Nikamwambia asante, kweli safari ni ngumu.

Mtaa wa Kakoba tukashuka, tukatembea. Vijana wa boda wakazima pikipiki zao. Wote! Mwenye duka akapunguza redio. Kuna mtawa alipiga ishara ya msalaba, akaniuliza kama ni mtu wangu wa karibu. Nikamwambia tumekuwa pamoja miaka mingi, na mpaka leo ukimgusa anatoa sauti tamu. Akanishika bega, macho yamejaa machozi.

Mbarara wanajua kuheshimu wanamuziki. Bonaventure aje aone.

Jumapili, 13 Julai

Mambo yaliharibika. Si kwa kosa langu.

Tulipoingia uani, mzee Kalisa, kaka wa Damascène, alikuwa amesimama na kibuyu cha pombe ya mtama. Yalibaki maneno machache afunge msiba. Mwanamke mmoja akapiga yowe. Wakadakia wote. Kalisa akaweka kibuyu chini, akauliza ni nani tena, maana akifa mwingine msiba haufungwi. Léoncie akashikilia nguzo.

Mimi nikadhani ni furaha! Nikawatangazia kwamba nimewaletea yule waliyemngoja. Nikaingiza mkono chini ya shuka. Nikabonyeza.

Maiti ikapiga rumba.

Walipita juu ya viti, juu ya masufuria, juu ya padri. Mtu akamkumba Kwizera, machela ikaanguka, betri ikapasuka. Rumba ikakatika. Kalisa alipoelewa, akanirukia: kuleta maiti ni kosa, kuleta ya uongo ni kosa zaidi, na muziki kabla ya neno la mwisho ni matusi kwa marehemu. Akaniambia nitoke. Bonaventure alikuwa ameegemea ua, kando ya maspika yake, anacheka mpaka anakosa hewa.

Nikaanza kukunja nyaya. Wimbo ule ulikuwa unarudi Nakivale bila kupigwa, na mimi si kijana.

Ndipo Léoncie akaja, akamwambia shemeji yake aniache. Akasema Damascène katika maisha yake hakuwahi kungoja hotuba ya mtu iishe. Halafu akacheka. Mwaka mzima, binti yake alisema, hajacheka.

Kalisa akamaliza maneno, harakaharaka. Msiba ukafungwa. Bonaventure akaleta waya wake, akachomeka kinanda changu kwenye maspika yake. "Sogea huko, Appo." Neno la kwanza tangu Bujumbura! Gita lake la besi liliachwa njiani miaka ile. Akaketi kushoto kwangu, akachukua sauti nzito kwa vidole vyake vya ndizi. Aliingia kwa kuchelewa, kama zamani.

Léoncie akaimba ule wimbo wake, fasi ya Damascène. Ubeti wa pili ulimshinda. Tukazunguka kwenye sauti zilezile, mimi na Bonaventure, tunazunguka, tunamngoja, mpaka sauti ikarudi. Mtu wa kwanza kuinuka kucheza alikuwa Kalisa.

Besi haikuwa mbaya. Sitamwambia.

Jumatatu, 14 Julai

Nimefikiri sana, nimeona kosa. Ni shuka. Kitambaa hakikingi betri.

Nimeshaagiza mtambo mpya kwa Rénovat. Safari hii sanduku la mbao, refu, lenye kifuniko. Vanishi nyeusi. Vishikio vya shaba pande zote mbili, Bonaventure naye abebe, ameniomba mwenyewe. Ndani kitambaa laini cha zambarau, kinanda kisikwaruzike.

Rénovat akavua miwani, akaniuliza kwa upole marehemu ana urefu gani. Nikamwambia marehemu gani? Ni kwa harusi ya mjukuu wa Bonaventure, tutaingia nalo kanisani mbele ya bibi harusi.

Akapiga ishara ya msalaba. Mafundi wa siku hizi hawana maono.