Naamani Ajichovya Bigwa

Jumatatu, 6 Septemba 1993

Watoto waliokuja kwenye mafundisho leo: watatu. Mmoja alikosea njia. Wengine wote wako sebuleni kwa Mama Magdalena, mwalimu mwenzangu, mke wa mhadhiri. Ana televisheni ya rangi na deki ya video. Siku hizi kila kitu ruksa, basi watoto wa Bigwa wanamtazama Musa akipasua bahari huku wanatafuna biskuti za nje. Mimi nina Biblia isiyo na jalada.

Jumapili Padri anakuja kigangoni kwetu. Atachagua msimamizi wa mafundisho ya watoto. Lazima niwe mimi! Tangu nipunguzwe kazi kiwandani sijasimamia kitu ila kuku wa mke wangu, nao hawanitii.

Nimepata wazo. Naamani! Jemadari wa Shamu, mgonjwa wa ukoma. Mkewe ana mtumishi, msichana mdogo aliyetekwa vitani. Msichana anasema kwao yuko nabii wa kumponya. Jemadari anakwenda, anaambiwa ajichovye mara saba mto Yordani, anatoka na ngozi kama ya mtoto mchanga. Video ya Mama Magdalena hailowanishi mtu. Mimi nina mto mzima unaoshuka toka Uluguru. Naamani nitakuwa mimi.

Jumanne, 7 Septemba

Habari zimeenea. Wamekuja kumi na wanne! Hata Mosi, mtoto wa Mzee Stambuli, ambaye ni Mwislamu na alikuwa anapita tu na ndoo yake. Msichana wa Naamani nimemchagua Ester, ana sauti nzuri. Ni yaya kwa Mama Magdalena, katokea Kinole huko mlimani. Mwigizaji wangu nimemtoa nyumbani kwa mpinzani! Nimejipongeza.

Ila maswali! Mosi: kwa nini saba, si sita? Mara ya tatu alisikia nafuu? Ukoma ukibaki majini, samaki wanaupata? Ester yeye aliuliza kama yule msichana alirudishwa kwao. Nikasema Biblia haikuandika. Akauliza: haikuandika, au hakurudi? Nikamwambia ashike maneno yake ya mchezo.

Alhamisi, 9 Septemba

Jaribio la kwanza. Ukoma niliutengeneza kwa unga wa muhogo. Nikajichovya mara moja, unga wote ukaenda na maji. Nimepona papo hapo! Watoto wakashangilia. Mosi akauliza, zile sita zilizobaki ni za nini sasa?

Ester akashauri tukoroge unga na ute wa bamia, utatoka kidogo kidogo. Alishajaribu mkononi mwake. Nilicheka. Yaya amfundishe mwalimu!

Tatizo jingine: kiangazi. Maji yananifika magotini. Jemadari gani huyo wa kuogea magoti?

Ijumaa, 10 Septemba

Nimeziba mto. Viroba vya mchanga na mashina ya migomba. Bwawa safi, maji hadi kifuani!

Saa tisa Mzee Stambuli akaja na jembe begani. Mchicha wake uko huko chini, umebaki mkavu. Nilimpa shikamoo mbili kabla hajafungua mdomo, nikamweleza hadithi yote. Kumbe hasira zikageuka hamu ya kujua. Jemadari alikuwa na ukoma wa mabaka, au wa vidole? Akasema baba yake mdogo aliugua huo, wakamjengea kibanda chake kule juu. Chakula alipelekewa na binti wa jirani, mtoto tu. Watu wazima hawakuthubutu. "Na leo hakuna anayelikumbuka jina la binti yule," akasema, akatazama maji.

Tumekubaliana bwawa libaki hadi Jumapili, mimi nimwagilie mchicha kwa ndoo. Ndoo arobaini! Mgongo wangu!

Jumamosi, 11 Septemba

Nimepata ukoma unaoshika. Rangi nyeupe ya mafuta. Fundi wa kuandika mabango kule Mwembesongo kanipa mabaki yake. Nimepaka kidole, nikakiosha, haikutoka. Safi kabisa! Itashika mara sita, ya saba itatoka. Kwa nini ya saba sijaelewa vizuri, lakini ndivyo hadithi inavyokwenda.

Jumapili, 12 Septemba

Baada ya misa kigango kizima kilishuka mtoni. Padri kapewa kiti. Mama Magdalena kaja na gauni jipya, mwanawe anakimbizana na vipepeo. Naamani akatokea migombani, mweupe toka mabegani hadi kiunoni. Maji ya Uluguru ni baridi, Mungu shahidi.

Watoto wakahesabu kwa sauti. Ya sita, nikajitazama. Mweupe. Ya saba, nikajisugua kwa mchanga. Mweupe! Nikaongeza ya nane, Mosi akapaza sauti kwamba nimezidisha. Ya kumi na moja nikateleza, nikaangukia viroba. Bwawa likabomoka, maji yote yakaenda zake kwenye mchicha. Nikabaki nimekaa kwenye tope na ukoma wangu. Padri alicheka mpaka akavua miwani.

Nikamwashiria Ester amalize. Alitakiwa kusema: Bwana wangu amepona! Akaja, akanitazama.

"Bwana wangu hajapona," akasema. "Lakini njia nilimwonyesha. Sasa mimi nitarudi kwetu lini?"

Nikamnong'oneza kwamba hayo hayamo. Hakuwa ananisikiliza. Alikuwa amemgeukia Mama Magdalena.

"Mama, ulisema nikae mpaka mtoto atambae. Sasa anakimbia."

Nilidhani atazabwa kofi. Mama Magdalena alisimama.

"Ester, mbona hukuniambia?"

"Hukuniuliza, mama."

Mama akakaa chini kwenye majani, na gauni lake jipya, akamvuta Ester kwake. Sauti yake ilikuwa ndogo sana. Alisema amekosa. Alisema watakwenda wiki hii hii. Ng'ambo ya mto Mzee Stambuli alikuwa amevua kofia, kaishika kwa mikono miwili.

Mimi hakuna aliyenikumbuka. Natetemeka peke yangu topeni! Jemadari!

Jumanne, 14 Septemba

Mama Magdalena kampeleka Ester Kinole yeye mwenyewe. Mosi aliwasindikiza hadi njia panda. Anasema sanduku kalibeba Mama, na Ester alikuwa mbele, kila mara anasimama kumngoja. Atarudi shule, darasa la nne, pale alipoachia.

Na msimamizi ametangazwa. Mama Magdalena! Nikaenda kwa Padri. Akasema amependa mtu mzima anayeulizwa swali na mtoto mbele za watu, akalijibu. Nikamkumbusha nani aliyempa yule mtoto jukwaa. Akaniuliza kama mgongo umepona.

Jumamosi, 18 Septemba

Kosa nimelijua. Ni rangi! Ningechukua rangi ya maji, leo msimamizi ni mimi. Mke wangu kanisugua kwa mafuta ya taa, sasa nina rangi ya nyama mbichi.

Lakini nimepata hadithi bora zaidi. Yule aliyepooza, rafiki zake wakatoboa paa wakamshusha kwa kamba mbele ya Yesu. Haina maji hata tone! Nimemsimulia Mosi. Akataka kujua nyumba ilikuwa ya nani, na mvua iliponyesha wenyewe walilala wapi. Nimemwambia asiniharibie hadithi, ashike ngazi.

Naandika haya nikiwa juu ya paa la kigango. Misumari ina kutu, inang'oka kwa mkono. Bati la kwanza limeshalegea. Chini Padri anaungamisha. Sidhani kama amesikia.