Samaki Wagonjwa Chumbani kwa Mama Mkwe

Leo aibu imenikuta nikiwa na bukta tu. Mchana kweupe. Nyumbani kwangu mwenyewe, hapa Miembeni, Bukoba, mbele ya mama mkwe na nusu ya mtaa. Naandika nikiwa na hasira, kwa hiyo makosa ya herufi mnisamehe.

Mnajua nafuga samaki wa bahari. (Najua, najua. "Ziwa lote lile liko hapo chini, wewe unatengeneza bahari kwenye ndoo?" Nimeshasikia. Tafuteni utani mpya.) Tangi langu liko sebuleni, maji nachanganya mwenyewe na chumvi maalumu inayotoka Dar, na samaki waliomo nimewatunza kuliko baadhi yenu mnavyotunza ndoa zenu.

Wiki iliyopita nikaletewa wawili wapya. Wadogo, rangi ya chungwa, wana mistari myeupe. Niliwasubiri mpaka nikakata tamaa. Muuzaji aliniapia kwenye simu: "Broo, hao ni wazima kabisa, usiwe na wasiwasi." Wazima! Nafungua mfuko, mmoja ana chembe nyeupe mwili mzima, kama amenyunyiziwa chumvi laini, na anajisugua kila anapogusa. Hivyo ni vijidudu. Samaki wa namna hiyo ukimtia kwenye tangi kubwa, umewaua wote waliomo. Nikampigia muuzaji. Akasema labda ni baridi ya Bukoba. Baridi ya Bukoba! Nikakata simu kabla sijamtukania mama yake asiye na hatia.

Nikawatenga. Beseni kubwa la plastiki, pampu ya hewa, kifaa cha kupasha maji, chumba cha wageni, mlango ukafungwa na mtoto akaonywa. Maana vijidudu hivi vina tabia ya kishenzi. Vinashiba, vinaachia mwili wa samaki, vinajificha chini ya chombo vinazaana, halafu watoto wao wanapanda upya. Dawa yake ni kuviwahi. Kabla havijaanguliwa unawahamishia samaki kwenye beseni safi, maji mapya, na vyombo vya zamani unavianika juani vikauke kabisa. Unarudia hivyo mara kadhaa. Ukichelewa mara moja tu, unaanza mwanzo, kama bado una samaki wa kuanza naye.

Leo ilikuwa siku ya kuwahamisha.

Sasa jana jioni nafunga duka, narudi nyumbani, nakuta gari la shemeji yangu nje, limejaa mikungu ya ndizi. Amemleta mama yao kutoka Kishanda. Bila simu! Familia nzima ina simu, wanatumiana picha za ng'ombe asubuhi na jioni, lakini hakuna aliyeweza kusema "tunakuja". Nilipoingia ndani, mama mkwe alikuwa ameshapewa chumba cha wageni, amefunga mlango, anasali rozari yake.

Kwa asiyejua mambo yetu Wahaya: mkwe haingii chumba anacholala mama mkwe. Haingii. Nyumba iwe yako, kitanda umenunua wewe, paa liwe linawaka. Hata mkono hatupeani. Tunasalimiana kwa mbali na kuongea kupitia kwa mke wangu, utadhani tuko mahakamani na yeye ndiye mkalimani.

"Koku," nikamnong'oneza mke wangu jikoni, "lile beseni."

"Limefanya nini?"

"Litoke mle."

"Limejaa maji, lina manyaya kila upande. Mama amechoka, goti linamuuma. Kesho."

"Kesho asubuhi na mapema?"

"Baba Mujuni, wale ni samaki. Yule ni mama yangu."

Mjadala ukaishia hapo. Nililala vibaya.

Asubuhi wakajiandaa kwenda sokoni, yeye na Koku. Mimi niko sebuleni na chai yangu, macho ndani ya kikombe, adabu tupu. Mama mkwe akapita na kitenge chake, akasimama mlangoni, akamwambia mke wangu kwa sauti ya kunifikia, na ile "waitu" yake ya heshima ya Kihaya:

"Mwambie mumeo, waitu, samaki wake wanakoroma."

"Si samaki, mama. Ni mashine ya hewa," Koku akasema.

"Basi inakoroma. Nimeichomoa alfajiri. Na ile fimbo ya moto nayo nimeichomoa, nisije nikaungulia mjini bure."

Chai ikanitokea puani. Tangu alfajiri! Samaki wagonjwa, kwenye beseni lisilo na hewa! Nilipomaliza kukohoa walikuwa wameshapanda bajaji. Nikampigia Koku. Simu yake ikaita jikoni. (Iko chaji. Kila siku iko chaji. Sijui inachaji kwa ajili ya safari gani.)

Nikajipa moyo. Mama hayupo, chumba hakina mtu. Naingia, nawasha hewa, nawahamisha, natoka. Kosa dogo. Nikaenda nyuma ya nyumba kuchanganya maji mapya, pampu ya kukorogea ikinguruma masikioni mpaka chumvi ikayeyuka yote. Nikabeba ndoo na beseni safi mpaka kwenye mlango wa chumba cha wageni. Nikashika kitasa.

Umefungwa kwa ufunguo.

Hapo nikapandwa na jazba kwelikweli. Nyumba nalipia kodi mimi! Amefunga chumba akaenda na ufunguo sokoni, kama vile mimi ni mwizi wa vitenge! Sikugonga. (Nigonge afungue nani, samaki?)

Likabaki dirisha. Dirisha la chumba kile halina nondo, mwenye nyumba anaahidi kuziweka tangu tuhamie. Kuna wavu wa mbu na pazia basi. Nikasimama nje pale nikatafakari kama mtu mzima. Mila inasema mkwe asipite mlangoni. Dirisha halikutajwa popote. (Hivi ndivyo akili inavyofanya kazi ukiwa na hasira. Jihadharini.)

Nikavua shati, kwa sababu mkono unaingia majini mpaka begani. Suruali nayo nikaivua, kwa sababu ni ya kuvalia dukani na chumvi ingeiharibu. Nikabaki na bukta, ile nyekundu iliyolegea mpira. Kile kiwavu kidogo cha kuvulia samaki nikakishika kwa meno. Nikang'oa wavu wa mbu ambao niligongomea misumari kwa mikono yangu mwenyewe. Mguu mmoja ndani. Pazia likanizonga kichwani, sioni kitu. Mguu wa pili ndani. Nikatafuta pa kukanyaga. Nikakanyaga kitu laini.

Kitu kikasema, "Yesu na Maria!"

Jamani.

Niliruka, pazia likaja pamoja na fimbo yake. Nikajikuta katikati ya chumba, bukta, kifua wazi, pazia begani, wavu mdomoni. Kitandani yuko mama mkwe, amevuta shuka mpaka kidevuni. Kwa mara ya kwanza tangu nioe binti yake, tukatazamana uso kwa uso.

"Mwizi!" akapiga yowe. Kisha akanitambua, likatoka yowe kubwa kuliko la kwanza. "Maawe, mama wee! Ni mkwe! Mkwe yuko uchi!"

(Sikuwa uchi! Nilikuwa na bukta! Naomba hili lieleweke kwa wote.)

Nikakimbilia mlangoni. Umefungwa, ufunguo uko chini ya mto wake. Nikageuka dirishani, dirisha limeshajaa watu. Mtaa huu ukiomba mtu akusaidie kusukuma gari, hayupo. Lakini yowe moja tu, wako wote, na mbele kabisa Mama Asimwe, jirani yetu wa ukuta mmoja, simu ameinyoosha juu inarekodi.

"Jirani, unafanya nini humo?"

Nikatoa wavu mdomoni. "Samaki."

"Samaki?"

"Ni wagonjwa! Wamekatiwa hewa!"

"Kitandani kwa mama mkwe?"

Nikajifunika uso kwa ule wavu. (Una matundu.)

Mama mkwe akawa amegeukia ukutani. Akauambia ukuta: "Mwulizeni huyo mtu, waitu. Goti limenirudisha njiani, nimejilaza kidogo tu. Ametaka nini kwangu?"

"Mwambieni mama," nikasema nikiangalia dari, "nilijua yuko sokoni. Nataka kuwasha mashine."

"Mama, anasema anataka kuwasha mashine," Mama Asimwe akatafsiri, Kiswahili kwa Kiswahili, huku anarekodi.

Hapo ndipo nikatupa jicho kwenye beseni. Wale wadogo wawili walikuwa juu kabisa ya maji, midomo wazi, wanahema kwa shida. Yule mwenye chembe ameanza kulala upande. Niseme ukweli, aibu iliniondoka yote. Nilisikia uchungu. Nikapiga magoti katika chumba cha mama mkwe, na bukta yangu, mbele ya kamera, nikachomeka pampu. Ikaanza kukoroma. Sijawahi kusikia mkoromo mtamu namna ile. Nikakaa pale nikiwaangalia mpaka yule mgonjwa akajiinua.

Ndipo nikasikia sauti ya Koku dirishani. Alikuwa na kikapu cha nyanya.

"Baba Mujuni. Toka."

"Niwahamishe kwanza, mke wangu, maji yako tayari hapo..."

"Toka!"

Nikatoka nilikoingilia, watu wakanipisha kwa heshima ambayo sikuipenda. Koku akanitupia shati. Suruali alinipa baadaye, nadhani kwa makusudi.

Ikapigwa simu Kishanda kwa baba mkwe. Sauti kubwa, kila mtu asikie.

"Umepita dirishani?" akauliza.

"Ndiyo, Tata."

"Mke wangu amelala."

"Ndiyo, Tata. Sikujua."

"Kwa ajili ya samaki."

"Ndiyo, Tata."

"Wa kula?"

"Hapana, Tata. Wa kuangalia."

Nikasikia akimwambia mtu pembeni yake, "Wa kuangalia," kisha akanirudia.

"Nilikuwa nataka kusema ulete mbuzi," akasema. "Sasa leta mbuzi na dumu la rubisi. Uje uombe radhi mbele ya wazee. Mpaka siku hiyo, pale alipo mama yako usikanyage."

"Tata, lakini pale ni kwangu."

"Ndiyo. Usikanyage."

Akakata. Mbuzi na pombe ya ndizi ningeweza kuvumilia. Kilichonichoma ni kwamba samaki walikuwa bado kwenye maji machafu, na mimi ndiye pekee nyumba nzima ninayejua kuwahamisha. Nikagoma kuondoka. Nikasimama nje ya dirisha, mgongo nimewageuzia, nikatoa maelekezo kwa sauti ya hasira mpaka koo likakauka.

"Ashike mmoja mmoja! Maji ya zamani yasiingie kwenye beseni jipya hata tone!"

"Mama, anasema hata tone," Koku akasema ndani.

"Mwambie nimesikia, mimi si kiziwi, mimi nina goti. Huyu mdogo mbona anatetemeka? Njoo kwa bibi, njoo."

"Na asiwaguse kwa mkono!"

"Mwambie nimeshawagusa."

Nikasikia maji yakichuruzika, halafu kicheko, kicheko cha mama mkwe, ambacho nacho sikuwahi kukisikia. Kisha Koku akasema wote wawili wako beseni jipya, wanaogelea. Beseni la zamani likapitishwa dirishani pamoja na wavu. Nikavianika juani. Nikachukua godoro la Mujuni nikaenda.

Kwa hiyo niko dukani, nimelala katikati ya maboksi ya kava za simu, na miguu inatokeza nje ya godoro la mtoto. Wateja wawili wameshakuja kuuliza bei ya kava huku wanang'ata midomo wasicheke. Mama Asimwe, kama unasoma hapa, ile video ifute leo hii.

Jioni hii Koku ameniletea chakula kwa bodaboda. Dereva ameagizwa akiache mlangoni. Juu ya sahani kuna karatasi, mwandiko wake, maneno ya mama yake: "Samaki wamekula. Yule mwenye madoa amepata nafuu. Sahani ukimaliza, ianike juani ikauke ndipo uirudishe." Asicheke mtu.