Pembe za Baba Mkwe

Jumatatu, 9 Septemba
Habari njema! Mwalimu Narmandakh, anayetufundisha ngoma ukumbini, amesema Ngoma ya Kulungu ndiyo itakayofunga sherehe ya wilaya. Habari mbaya: kulungu ni Choijil tena. Choijil! Mwaka jana alijifunga vijiti kichwani, akaonekana kama kichaka kinachokimbia. Mimi nimepewa kuvuta pazia. Nikamwuliza mwalimu, je, mtu akileta pembe za kweli? Akacheka, akasema mwenye pembe za kweli ndiye kulungu, haya Luvsandash, kavute pazia. Kasema mbele ya watu. Ahadi ni deni!

Jumanne, 10 Septemba
Pembe ninazijua zilipo. Kwa baba mkwe, Mzee Gombosuren, ukutani mwa hema lake, juu ya kitanda. Kulungu huangusha pembe theluji inapoyeyuka. Ya kulia aliiokota marehemu mama mkwe, bado msichana. Ya kushoto aliiokota mzee mwenyewe, bonde lilelile, mwaka uliofuata. Wakazilinganisha. Wakaoana.

Mke wangu Erdenetsoo kanionya. "Muombe kitu kingine baba. Muombe hata farasi."

Nimekwenda. Nimekunywa chai ya chumvi mpaka tumbo likalia, nikamsifia mbuzi wake mmoja baada ya mwingine. Mwishowe mzee akazishusha, akazifuta kwa mkono wa joho lake. Akaniambia nisizitoboe wala nisizikate. Nikaapa.

Alhamisi, 12 Septemba
Kazi! Kofia kuukuu ya pikipiki, ndani sufu, nje ngozi ya mbuzi. Pembe nimezifunga kwa kamba. Zikalala pembeni kama masikio ya punda. Nikajaribu gundi. Imeshika kidole, imeshika meza, imeshika mkia wa mbwa. Pembe haikushika.

Basi, keekee. Tundu moja tu kila upande, chini kabisa, ndani ya manyoya. Nani ataona? Halafu kutoboa si kukata.

Zimesimama! Erdenetsoo akatazama. Akachukua ndoo, akatoka kwenda kukamua. Ng'ombe walikwisha kukamuliwa.

Jumamosi, 14 Septemba
Mazoezi. Choijil aliponiona tu: "Kaka, kumbe ulikuwa unaota pembe kimyakimya! Ngoma ikikushinda, usijali, tutakutundikia kofia." Watu wakavunjika mbavu. Lakini mwalimu ni mtu wa neno lake. Kulungu ni mimi. Choijil kwenye kamba ya pazia. Lo, raha!

Raha fupi. Mlango wa kuingilia jukwaani ni mwembamba, nikanasa. Wakanisukuma, wakanivuta. Mwalimu akaniambia niingie kiubavu. Kulungu gani anaingia kiubavu kama mwizi?

Nyumbani, msumeno. Ncha tu. Vumbi lilinuka kama jino linalochongwa. Baada ya ncha ya kwanza nilitamani kuacha. Lakini pembe zisizolingana ni aibu zaidi. Nikakata na ya pili.

Jumapili, 15 Septemba
Sitaki kuandika. Naandika.

Mzee alikaa mstari wa mbele, joho la buluu, medali zote kifuani. Niliingia mlangoni wima. Makofi! Kisha ikafika pale kulungu anapoinama kunywa maji mtoni. Nikainama. Sikuinuka. Uzito wote ulikuwa mbele, shingo ikagoma, pua ikagusa mbao. Muziki ukaendelea. Mimi nikaendelea kunywa.

Choijil akaiacha kamba ya pazia. Akaja akirukaruka, mikono kichwani kama pembe, akaniinua kwa mabega, akacheza akiwa amenikumbatia. Watu wakadhani ndivyo ilivyopangwa: kulungu mzima anamwauni mwenzake aliyejeruhiwa. Akina mama walilia. Walimshangilia yeye.

Mzee akaja nyuma ya jukwaa. Akapitisha kidole pale nilipokata. Nikasema mlango ulikuwa mwembamba, baba.

"Mlango hupanuliwa, mwanangu."

Akauliza ncha ziko wapi. Zilikuwa mfukoni mwa suruali yangu, pamoja na karanga. Akazipokea kwa mikono miwili. Hakunigombeza. Laiti angenigombeza!

Jumatano, 18 Septemba
Nimekwenda kuomba radhi. Pembe zimerudi ukutani. Ncha amezifunga mahali pake kwa uzi mwekundu, zinaonekana kama vidole vyenye vidonda. Akanimiminia chai. Akasema mama yake Erdenetsoo alikuwa akiigusa ncha ya kulia kila akipita, bila hata kuangalia. Akaniuliza kama mbuzi wangu wamenona.

Nimelia njia nzima. Hata farasi aligeuka kunitazama. Nimeapa: kitu cha mtu sikigusi tena. Kamwe!

Ijumaa, 20 Septemba
Mwalimu amesema mchezo wa Mwaka Mpya utakuwa na malkia. Kamtaja Erdenetsoo! Ila taji hakuna. Nimesikia mama yake Choijil ana kilemba cha fedha cha harusi, cha bibi yake, kimefungiwa sandukuni, hakifaidi mtu. Nitakiazima siku moja tu. Kichwa cha Erdenetsoo ni kikubwa kidogo, lakini sitakata kitu. Fedha haikatwi. Fedha unaipasha moto kidogo tu, inatanuka yenyewe.