Harusi ya Wilson Ndani ya Kompyuta

Jumatatu, 4 Aprili 2005

Kompyuta imefika kutoka Mbeya. Imekaa mezani sebuleni, imefunikwa nailoni, na nyumba nzima inanyata. Fundi ameshaiwekea kadi ya kunasa picha. Unachomeka waya tatu kutoka kwenye deki, nyekundu, nyeupe na njano, na kaseti yoyote ya video ya zamani inaingia ndani ya kompyuta. Ukishaihariri, unaichoma kwenye CD. Mimi Andrea wa Makandana, mtu wa kwanza kupiga video ya harusi hapa Tukuyu, nimerudi kazini.

Innocent wa Msasani, hii ya hapa hapa Tukuyu ng'ambo ya barabara, atajijua. Kaja juzi tu na studio yake ya mapazia ya zambarau, basi watu wamesahau ni nani aliyewafundisha kutoikodolea kamera macho.

Mteja wa kwanza kajileta mwenyewe, kabla sijaweka hata kibao. Mzee Ambindwile wa Lupepo, amelowa chapachapa, mkungu wa ndizi begani. Jumapili mwanawe Wilson anakuja kutoka Dar na mkewe Loyce, wanaweka msalaba wa saruji kwenye kaburi la mama yao. Mzee anataka siku hiyo waione harusi ya Wilson, niliyoipiga mimi mwaka tisini na tatu. Kwenye video hiyo marehemu anaimba. Kaseti yao ilitafunwa na deki ya jirani, na mama yule hakuacha kingine ila picha ya kitambulisho. Mzee alisema sauti ya mkewe imeanza kumpotea. Akiamka asubuhi anaitafuta kichwani na haipati.

Nilimwambia asiwe na wasiwasi, kaseti mama ninayo mimi, nimeitunza vizuri. Naamini ninayo.

Akaongeza jambo moja kwa sauti ya chini. Yeye na mkwewe Loyce hawakai chumba kimoja wala hawatazamani, kama mila inavyotaka, kwa hiyo video ionyeshwe mara mbili, kwanza kwake, kisha kwa Loyce na wanawake. Nikamwambia tata, yaani baba, mimi Mnyakyusa mwenzako, utanifundisha mila? Akasema ndaga, asante ya kwetu, akaacha mkungu, akashika njia.

Jumanne, 5 Aprili

Kaseti imeonekana. Ilikuwa chini ya kitanda, kwenye boksi moja na viatu vyangu vya msibani. Imeota ukungu mweupe kama mkate uliosahauliwa. Si kosa langu. Hapa kwetu mvua haijatuachia tangu Novemba, na kila kitu kinaota ukungu, hata mikanda ya suruali, hata Biblia ya mama mkwe.

Nimetafakari. Mahindi ya mbegu hayaoti ukungu. Kwa nini? Kwa sababu yanakaa jikoni juu ya moto, kwenye uchanja. Babu zetu walilijua hili zamani, na hakuna mtaalamu wa video hata mmoja aliyewahi kulifikiria. Nimeitundika kaseti katikati ya mahindi.

Mke wangu Tusekile ni muuguzi, anaamini kila kitu kina dawa yake na dawa hiyo si moshi. Alisema mahindi hayana plastiki. Nikamwambia ashughulike na wagonjwa wake. Akajibu kwamba ndicho anachofanya.

Jumatano, 6 Aprili

Kaseti imekauka. Pembe moja imejikunja kidogo, na inanuka kama samaki wa kukausha. Lakini ukungu umegeuka unga, nikaupuliza ukatoka. Tumepiga chafya mpaka mchana.

Kuna jambo fundi hakunieleza. Kompyuta hainywi kaseti kwa mkupuo mmoja. Nilidhani unachomeka waya, unakwenda kunywa chai, ukirudi unaikuta harusi imeshaingia. Kumbe harusi ya kutwa inaingia kutwa. Kaseti lazima icheze kwenye deki toka mwanzo, na kompyuta inakaa inaangalia kama mgeni mwalikwa. Nimeangalia hotuba yote ya mjomba wa bibi harusi pale nyumbani kwao. Ilikuwa ndefu siku ile na haijapungua.

Maharusi hawajafika hata kanisani, kompyuta ikaandika kwamba imejaa. Nikafuta michezo yote ya binti yetu Atupele. Amenuna. Nikafuta na vitu vingine vyenye majina nisiyoyaelewa. Sasa kompyuta inawaka polepole zaidi, kama mtu mzima. Napenda hivyo.

Alhamisi, 7 Aprili

Umeme hakuna. Mvua imeangusha nguzo.

Innocent alipita na mwavuli wake mkubwa. Habari zimeshamfikia. Alisema ana jenereta, na ana kaseti maalumu ya kusafishia kichwa cha deki, maana kaseti yenye ukungu inachafua kile kichwa na picha inageuka mchanga. Akasema naweza kumletea muda wowote. Nilimshukuru, nikamwambia picha yangu ni kioo. Akavuta pumzi, akauliza kama tunabanika kitu. Nikasema samaki. Akauliza wa ziwani? Nikasema ndiyo. Akaniangalia kwa huruma nisiyoihitaji.

Ijumaa, 8 Aprili

Umeme umerudi. Nimefika kwenye wimbo.

Mama yake Wilson anatoka mbele ya wanawake wenzake, kitenge cha bluu, anafungua mdomo, na hapo hapo picha inageuka mchanga. Mchanga mtupu. Lakini sauti ipo. Sauti ya chini, yenye mkwaruzo kidogo, anamwimbia mkwewe Loyce kwa Kinyakyusa kwamba nyumba hii ilikuwa na mikono miwili, sasa ina minne. Nilisahau biashara kabisa. Nilikumbuka kwamba siku ile alikuja mpaka nyuma ya kamera kuniuliza kama nimekula, kwa sababu mpiga picha husahauliwa. Nilisikiliza mpaka mwisho, nikaona uchungu.

Nikasafisha deki kwa kitambaa na spiriti ya Tusekile. Mchanga ukazidi. Tusekile alisema nimpelekee Innocent, ni mwendo wa kuvuka barabara tu. Nilimwambia harusi niliyoipiga mimi haitatengenezwa kwenye mapazia ya zambarau.

Hapo ndipo nikakumbuka kuwa nina kompyuta. Kuhariri ni nini, kama si kuweka picha nzuri pale palipo na mbaya? Sauti ikae kama ilivyo. Juu yake niweke sura za watu waliompenda. Nikatafuta kwenye harusi yote, nikapata mbili zisizo na mfano: Mzee Ambindwile na koti lake la kijivu, anacheka, na Loyce anafunuliwa shela, anacheka. Programu ina maumbo ya kila aina, duara, nyota, moyo. Nimewaweka wote wawili ndani ya moyo mwekundu, mmoja kushoto na mwingine kulia, wanasogeleana taratibu wimbo mzima mpaka mashavu yanagusana.

Nimetokwa na machozi kwa kazi yangu mwenyewe. Innocent hawezi kitu kama hiki.

Jumamosi, 9 Aprili

CD imechomwa. Tusekile aliuliza kama anaweza kuitazama kabla haijaenda kwa watu. Nikamwambia ngoja uione na wenzako kesho. Akauliza kama mimi mwenyewe nimeitazama yote. Nikamwambia mpishi hamalizi chungu ili ajue chumvi.

Tatizo ni dogo tu. Kwa Mzee Ambindwile hakuna umeme. Wilson anakuja na TV na mashine ya CD kwenye gari, lakini jenereta hana. Mwenye jenereta tunamjua. Nilimtuma Tusekile, mimi nikiwa na kazi. Innocent amekubali, ila anataka aje kuiendesha mwenyewe. Mtu wa masharti.

Pia nimepata njia ya kuokoa petroli. Kuonyesha mara mbili kwa sababu ya mkwe ni hasara. Nitafunga kitenge katikati ya sebule, kuanzia kwenye TV mpaka ukuta wa nyuma. Mzee upande huu, Loyce upande ule. Wote wanaiona TV na hakuna anayemwona mwenzake. Mila nimeiheshimu na petroli pia.

Jumapili, 10 Aprili

Naandika nikiwa jikoni. Tusekile amesema sebuleni nisionekane kwanza.

Mambo yalianza vizuri. Msalaba ulisimama, ndizi ziliiva, mvua ikatuonea huruma kidogo. Loyce huko Dar ana ofisi na watu anaowasimamia. Lakini aliposhuka garini Lupepo alikuwa amejifunika kanga mpaka puani, akazunguka nyumba kwa nyuma ili asikutane na mkwewe njiani. Kitenge changu kilikaa sawasawa. Wanaume na mzee wao kushoto, wanawake na Loyce kulia. Wilson alinipa mkono, akasema hajawahi kuona akili kama hii. Nje Innocent alikuwa amechuchumaa kando ya jenereta lake, na kwa mara ya kwanza nilimwonea imani.

Hotuba ya mjomba ilivumiliwa. Kanisani watu walipiga vigelegele. Kisha marehemu akatoka mbele, kitenge cha bluu, akafungua mdomo, na moyo ukatokea.

Mzee Ambindwile na mkewe Wilson ndani ya moyo mmoja mwekundu, mashavu yanasogeleana, mbele ya ukoo mzima. Upande wa kulia nilisikia kigoda kikianguka. Loyce alikuwa ameshatoka kwa mlango wa jikoni, kanga kichwani, anapotelea migombani. Upande wa kushoto mzee aligeuza kiti chake ukutani na kuvuta koti likamfunika kichwa. Mimi ndipo nikaelewa. Wilson alinisogelea, akaniuliza kwa upole kabisa kama mimi ni Mnyakyusa kweli.

Innocent alichungulia dirishani, akaona, akataka kwenda kuzima jenereta. Mzee akasema kutoka ndani ya koti, bila kugeuka:

“Mwacheni aimbe.”

Akataka TV ifunikwe. Tusekile alivua kanga yake ya begani akaifunika, moyo na vilivyomo. Ikabaki sauti. Mama yule aliimba chini ya kanga kuhusu mikono miwili na mikono minne, na mzee alisikiliza ameegemeza paji la uso kwenye ukuta. Wimbo ulipoisha aliomba urudiwe. Nikaurudisha. Akaomba tena. Safari hiyo, ulipofika kwenye kiitikio, sauti ya mwanamke iliitikia kutoka jikoni, taratibu, kama mtu anayeogopa kukosea. Alikuwa Loyce, amerudi. Anaitikia mama mkwe wake. Hakuna aliyegeuza shingo. Mabega ya mzee yalikuwa yanatikisika ndani ya lile koti, na mimi nililia waziwazi, safari hii si kwa kazi yangu.

Baadaye wazee wa ukoo walikaa. Wamesema nilete jogoo na niombe radhi pande zote mbili. Nimeona ni haki. Tulirudi Makandana kwa gari la Innocent. Aliweza kusema mengi na hakusema. Hilo limeniuma zaidi.

Jumatatu, 11 Aprili

Nimepeleka jogoo Lupepo asubuhi. Mzee alimpokea, akaniambia yaliyopita si ndwele. Loyce alipokea radhi yangu kupitia dirishani. Nadhani alikuwa anacheka, ingawa kanga haikunionyesha vizuri.

Mzee aliomba tuondoke pamoja tuje huku mjini. Alichotaka ni kimoja: sauti ile tu, iwekwe kwenye kaseti ya redio. Redio anayo na betri anazo. Nilimweleza kwa heshima zote kwamba hiyo ni kurudisha teknolojia nyuma, kwamba sauti imetoka kwenye kaseti kwa shida kubwa na sasa haiwezekani tuirudishe kwenye kaseti. Nilimweleza pia kuhusu maendeleo kwa ujumla. Nilipomaliza, Tusekile alikuwa ameshaweka redio kando ya spika ya kompyuta na kubonyeza kitufe chekundu, na kazi ilikuwa imekwisha. Mzee aliicheza palepale, akasikia neno la kwanza, akaizima, kama mtu anayeweka akiba. Aliitia mfuko wa ndani wa koti. Nikamshauri aitundike juu ya moto isiote ukungu. Tusekile akampa kopo lenye kifuniko. Mzee akachukua kopo.

Nilipata nafasi ya kupanga kazi. Kaseti zangu zote zilizobaki, harusi, vipaimara na misiba ya wilaya nzima, nimezitundika uchanjani. Mahindi ya mbegu yamehamia chini ya kitanda.

Jioni Tusekile aliniuliza kama kuna lolote nililojifunza. Nikamjibu kwamba nimejifunza sana. Nimeirudia ile video toka mwanzo, kwa utulivu, na kosa nimeliona mwenyewe bila kusaidiwa na Innocent. Moyo haufai kwa mtu na mkwewe. Moyo ni wa wapenzi. Nitawatengenezea CD nyingine bure, niwapelekee kama zawadi, na humo nitawaweka ndani ya nyota.